Seva Isiyoguswa Haibaki Salama

Kuna kauli inayotawala vyumba vya seva, Dar es Salaam na Nairobi sawa na kwingineko, na sidhani kama yupo fundi wa TEHAMA aliyewahi kuomba kibali cha kupandisha toleo la mfumo asijibiwe nayo: kinafanya kazi, kiache. Mkurugenzi huisema kwa sababu anaogopa huduma kusimama. Mhasibu huisema akiitazama bei ya leseni. Fundi mwenyewe huisema pia, kwa sauti ya chini, maana anajua ni yeye atakayekesha mambo yakienda kombo. Miaka niliyokaa na majukwaa ya mashine pepe imenifikisha kwenye imani iliyo kinyume kabisa na kauli hiyo. Sehemu kubwa ya hatari ya kupandisha toleo hutokana na muda ambao kazi yenyewe ilisubirishwa. Anayepanda hatua moja ndogo kila mara hubaki na njia ya kurudi. Anayengoja miaka mitano hujikuta analazimika kubadilisha kila kitu kwa mpigo mmoja, na usiku huo ukimshinda, watu husema, "Si tulisema msiguse?" Hivyo kauli ile hupata ushahidi wake kutokana na madhara iliyoyaleta yenyewe.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Jukwaa la mashine pepe ni programu, mafundi huiita haipavaiza, inayokaa juu ya seva halisi na kuigawa ili kompyuta nyingi zifanye kazi ndani yake, kila moja ikijiona ina prosesa yake, kumbukumbu yake na diski yake. Wazo ni la zamani: IBM ilitoa mfumo wa namna hiyo, VM/370, mwaka 1972, kwa ajili ya kompyuta kubwa zilizojaza chumba. Kwenye seva za kawaida lilishika kasi baada ya Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao kuanzisha kampuni ya VMware huko California mwaka 1998, na bidhaa yao ya seva, ESX, kutoka mwaka 2001. Faida yake haikuhitaji mshawishi. Seva kumi zilizokuwa zikila umeme na kiyoyozi huku zikifanya kazi kidogo ziliweza kuingizwa ndani ya moja. Lakini faida hiyo ilikuja na jambo ambalo halisemwi sana kwenye vikao vya manunuzi. Mfumo wa mishahara, barua pepe, kumbukumbu za wagonjwa, tovuti, hata ile seva inayoamua nani aruhusiwe kuingia kwenye mtandao wa ofisi, vyote sasa vimekalia programu moja. Ndiyo sababu watu wanaogopa kuigusa, na naielewa hofu yao. Ila uzito huohuo ndio unaonifanya niseme kwamba hakuna programu ndani ya jengo inayostahili matunzo ya karibu kuliko hii.

Hoja ya "kiache" imejengwa juu ya dhana kwamba mfumo usioguswa hubaki ulivyo. Dhana hiyo si kweli, na mfano ulio wazi kuliko yote ni vyeti vya kidijitali. Ndani ya vCenter, seva inayosimamia jukwaa zima la VMware, kuna cheti kinachotumika kusaini uthibitisho wa kila anayeingia. Kwenye vCenter zilizosimikwa upya kuanzia toleo la 6.5 Update 2, cheti hicho kilitolewa kikiwa na uhai wa miaka 2. Hakuna aliyekigusa wala aliyeharibu kitu. Tarehe hufika tu, na asubuhi hiyo msimamizi anaandika jina lake na nywila sahihi, skrini inamjibu kwamba cheti cha kusaini si halali. Mashine pepe zinaendelea kufanya kazi, wafanyakazi wa ofisi hawana habari, lakini hakuna anayeweza kuingia kwenye jukwaa kuhamisha mashine wala kuongeza diski, na programu ya nakala rudufu nayo inagonga mlango bila kufunguliwa. Akidhani dawa ni kuizima vCenter na kuiwasha tena, anaongeza tatizo, kwa kuwa huduma zake zinakitegemea cheti kilekile na zinaweza kugoma kuwaka. Nywila ya mtumiaji mkuu wa mashine hiyo nayo ina kikomo chake, na asiyeingia mara kwa mara huligundua hilo siku anapoihitaji kuliko siku zote. Ongeza diski zinazochakaa, mkataba wa vifaa unaokwisha, na fundi aliyebeba ramani nzima kichwani anayehamia kampuni nyingine. Mfumo unaodaiwa kuachwa ulivyo unabadilika kila siku, ila hakuna mtu anayeutazama ukibadilika.

Nje ya chumba cha seva mambo huenda kasi zaidi. Tarehe 23 Februari 2021 VMware ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2021-21974, uliokuwa kwenye huduma ndogo iitwayo OpenSLP ndani ya ESXi, haipavaiza yake iliyoirithi ESX, na ikatoa viraka kwa matoleo ya 6.5, 6.7 na 7.0. Karibu miaka 2 ikapita. Ijumaa ya tarehe 3 Februari 2023 kitengo cha serikali ya Ufaransa kinachoshughulikia usalama wa mitandao, CERT-FR, kilitoa tahadhari kwamba wahalifu wanaziingia seva za ESXi zilizo wazi kwenye intaneti, wanayafunga mafaili ya mashine pepe kwa usimbaji, kisha wanaacha barua ya kudai malipo ya bitcoin. Udhaifu uliotajwa kuwa mlango wao ulikuwa uleule wa 2021. Mashambulizi hayo yakapewa jina la ESXiArgs, na siku chache baadaye CISA, idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, na FBI zilitaja seva zaidi ya 3,800 zilizoathirika duniani. VMware kwa upande wake ilisema haikuona dalili ya udhaifu mpya, na kwamba zilizolengwa zilikuwa bidhaa zilizoishiwa muda wa huduma au zilizobaki nyuma sana kwa viraka. Tafakari maana yake. Wenye seva hizo hawakuumizwa na kazi ya kupandisha toleo iliyokwenda vibaya. Dawa ilikuwa imetolewa, ya bure kwa kila mwenye mkataba, na muda wa kuitumia ulikuwa miezi mingi.

Najua jibu linalofuata: seva zetu haziko kwenye intaneti, ziko ndani. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani. Siku hizi mshambuliaji huingia kwa barua pepe ya karani mmoja, hutulia, kisha hutafuta jukwaa la mashine pepe kwa makusudi, kwa sababu akilifunga hilo amefunga kila kitu kwa kazi moja. Julai 2024 Microsoft ilieleza jinsi makundi ya wahalifu yalivyotumia udhaifu CVE-2024-37085: kwenye ESXi iliyounganishwa na Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia majina na mamlaka ya watumiaji, mtu aliyeweza kuunda kikundi chenye jina la "ESX Admins" alijipatia mamlaka yote ya msimamizi, kwa kuwa jukwaa liliamini jina hilo bila kuuliza zaidi. Ukuta wa nje haukuhusika kabisa. Aliyekuwa kwenye toleo lililoishiwa huduma hakuwa na kiraka cha kungoja. Alibaki kuziba kwa mikono, mpangilio mmoja baada ya mwingine.

Gharama nyingine ya kungoja haionekani hadi siku ya kazi: njia za kupita hufungwa moja baada ya nyingine. Aliyebaki kwenye vSphere 5.5 (vSphere ni jina la pamoja la ESXi na vCenter), toleo la mwaka 2013 lililomaliza muda wake wa huduma tarehe 19 Septemba 2018, hakuweza kwenda moja kwa moja hadi 6.7. Ilimbidi apitie 6.0 au 6.5 kwanza, yaani kazi moja ikawa mbili, kila moja na maandalizi yake na usiku wake. Aliyeweka vCenter juu ya Windows alikuta toleo la 7.0, lililotoka Aprili 2020, limeifuta kabisa nafasi hiyo. Toleo hilohilo liliondoa draiva zote za mtindo wa zamani zilizotokana na Linux, na likaacha kuzikubali prosesa za familia ya Xeon 5600 za mwaka 2010. Kwenye maelezo ya toleo haya ni mistari michache tu. Kwenye chumba cha seva maana yake ni kwamba unaanza kusimika, na kadi ya mtandao iliyofanya kazi miaka yote haionekani. Kuna zito zaidi. Kwa muda mrefu ESXi imekuwa ikiliweka toleo lililopita kwenye sehemu ya pili ya diski ya kuwashia, ili jipya likikataa, fundi abonyeze Shift na R seva inapowaka na kurudi alikotoka. Toleo la 7.0 liliipanga upya diski hiyo, na kwa anayetoka 6.x njia hiyo ya kurudi ikaondoka. Aliyekuwa akipanda hatua kwa hatua alikutana na mabadiliko haya moja moja, akiwa na muda wa kununua kadi mpya au kuhamisha vCenter kabla. Aliyengoja alikutana nayo yote usiku mmoja.

Pingamizi lenye uzito kuliko mengine linatoka upande wa pili: wapo walioumia kwa kuharakisha. Ni kweli, na mwenye kutetea hoja yangu hana budi kulikabili. Tarehe 12 Agosti 2008 wasimamizi waliokuwa wamekimbilia ESX 3.5 Update 2, iliyotoka wiki chache tu kabla, waliamka na kukuta mashine pepe zilizozimwa haziwaki tena. Ndani ya toleo hilo kulikuwa kumesahauliwa kipande cha programu ya majaribio kilichohesabu leseni kuwa imekwisha siku hiyo. Mashine zilizokuwa zikikimbia ziliendelea, lakini ole wake aliyeizima mojawapo. Wapo waliorudisha saa ya seva nyuma ili wapate kufanya kazi, na Paul Maritz, mkuu mpya wa VMware wakati huo, aliomba radhi hadharani. Halafu Oktoba 2021 ikatoka vSphere 7.0 Update 3, na mwezi uliofuata VMware ikaiondoa kabisa kwenye ukurasa wa kupakua kwa sababu ya hitilafu zake, zikiwemo za draiva zilizogongana wakati wa kupandisha toleo. Iliyorekebishwa ilirudi Januari 2022. Basi mwenye tahadhari ana ushahidi mkononi. Ila usome ushahidi huo vizuri. Matukio yote mawili yanamshauri mtu asiwe wa kwanza. Hayamshauri awe wa mwisho. Aliyengoja wiki sita mwaka 2008 alipona. Aliyengoja miezi minne mwaka 2021 alipona. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyehitaji miaka mitano ili awe salama, na kati ya miezi michache na miaka mitano kuna nafasi pana ya busara. Viraka vya usalama vizito vina kalenda yake, ya siku na wiki. Matoleo makubwa yana kalenda yake, ya miezi. Kuzichanganya kalenda hizo mbili ndiko kunakomfanya mtu aahirishe kiraka cha dharura kwa hoja ambayo ingefaa kwa toleo jipya kabisa.

Linalofuata ni kibali. Huduma haiwezi kusimama, anasema mkurugenzi. Hospitali inafanya kazi usiku na mchana, benki ina miamala ya simu hata saa tisa za usiku. Hapa ndipo teknolojia yenyewe ilipokuja na jibu, tangu vMotion ilipoingia sokoni mwaka 2003. Inafaa kuitazama kwa karibu, kwa sababu wengi wanaoitumia hawajui kinachotokea ndani. Seva inayohitaji matengenezo inaambiwa iingie kwenye hali ya matengenezo. Jukwaa linaanza kunakili kumbukumbu ya mashine pepe kwenda seva ya pili huku mashine yenyewe ikiendelea kuhudumia watu. Kwa kuwa inaendelea kufanya kazi, kurasa kadhaa za kumbukumbu hubadilika wakati wa kunakili, hivyo raundi ya pili hunakili zilizobadilika tu, kisha ya tatu, hadi zilizobaki ziwe chache mno. Hapo mashine inasimamishwa kwa muda ambao kwa kawaida haufiki sekunde moja, mabaki yanavuka, inaamka upande wa pili, na seva mpya inarusha ujumbe mfupi kwenye swichi kuziarifu kwamba anwani hii sasa iko kwenye tundu jingine. Anayeandika dawa ya mgonjwa kwenye mfumo hatambui chochote. Seva ya kwanza imebaki tupu, unaipandisha toleo, unaiwasha upya, unairudishia mashine, unakwenda ya pili.

Masharti yake ni mawili, na yote mawili ni ya bajeti kabla ya kuwa ya ufundi. Lazima klasta, yaani kundi la seva zinazosaidiana, iwe na nafasi ya ziada ya kutosha kubeba mzigo wa seva moja iliyo kando, na lazima prosesa zilingane au zifungwe kwenye kiwango kimoja cha uwezo, mpangilio uitwao EVC, ili mashine iliyozaliwa kwenye prosesa mpya isishtuke ikiamkia kwenye ya zamani. Taasisi inayojaza seva zake hadi asilimia 95 ya kumbukumbu kwa kuona inaokoa fedha imeuza haki yake ya kufanya matengenezo mchana. Inapolalamika kwamba kupandisha toleo kunasimamisha huduma, inalalamikia uamuzi wake wa manunuzi. Usemi wetu wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta unafaa hapa neno kwa neno: bei ya seva moja ya ziada ni ndogo mno ukiilinganisha na siku moja ya hospitali kuandika kila kitu kwenye karatasi.

Mpangilio wa kazi nao una mantiki isiyobembelezeka. Unaanza na kuhakiki: je, seva hii, kadi hii ya diski na famwea hii vimo kwenye orodha ya vinavyokubaliwa na toleo jipya? Je, programu ya nakala rudufu inaitambua vCenter mpya? Hili la pili husahaulika sana, na matokeo yake ni jukwaa jipya linalong'aa lisilo na nakala ya jana. Kisha vCenter, kwa kuwa inaweza kuzisimamia seva za toleo la nyuma yake lakini si za mbele yake. Kisha seva moja moja. Kisha VMware Tools, programu saidizi iliyo ndani ya kila mashine. Mwisho kabisa, na bila haraka yoyote, toleo la maunzi pepe, kwa sababu ukishalipandisha, mashine hiyo haitawaka tena kwenye seva ya zamani, na umejifungia mlango. Nimewaona mafundi hodari wakilipandisha usiku uleule kwa shauku ya kumaliza kila kitu. Hakuna kilichowalazimisha. Mashine inaweza kukaa na toleo la zamani la maunzi miaka kadhaa bila kudhurika.

Lakini kinachoangusha kazi nyingi hakimo kwenye mwongozo wa kampuni yoyote: ni utegemezi unaozunguka. vCenter inahitaji DNS, huduma inayotafsiri majina ya mashine kuwa anwani, ijibu jina lake na anwani yake, pande zote mbili, la sivyo usimikaji hukwama. DNS iko wapi? Kwenye mashine pepe. Mashine hiyo iko wapi? Ndani ya jukwaa lilelile. Seva ya Active Directory inayothibitisha majina ya wasimamizi iko humohumo. Nywila za dharura zimeandikwa kwenye faili, faili liko kwenye seva ya mafaili, na seva ya mafaili imo ndani ya jukwaa. Siku umeme unapokatika jengo zima na jenereta kuchelewa, au siku kazi inapokwama katikati, mduara huo unafunga: huwezi kuwasha hiki bila kile, wala kile bila hiki. Dawa yake haigharimu fedha. Ni karatasi iliyochapwa, iliyofungiwa kabatini, yenye anwani za namba za kila seva halisi, jina la seva ambayo DNS na vCenter zinakaa, nywila ya akaunti ya ndani isiyotegemea Active Directory, na utaratibu wa kuwasha, wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeifanya kazi hii mara kwa mara huigundua mizunguko hiyo angali na nafasi ya kuivunja. Anayeifanya mara moja kwa muongo huigundua saa nane za usiku.

Hapo linaingia suala la kurudi, ambalo naliona kuwa kipimo cha ukomavu wa timu yoyote. Watu wengi huchukua snapshoti ya mashine pepe, yaani alama ya hali yake ya wakati ule, na kuiita nakala rudufu. Siyo. Snapshoti inaitegemea diski ileile ya awali. Diski ikipotea, vyote viwili vimepotea, na ikiachwa wiki kadhaa inavimba hadi kujaza hifadhi na kusimamisha mashine nyingine zisizohusika. Nakala rudufu ni ile iliyoko kwenye kifaa kingine, isiyofikiwa kwa nywila zilezile za jukwaa, na iliyowahi kurejeshwa kwa majaribio ikawaka. vCenter ina nakala yake ya mafaili inayopaswa kutolewa nje ya klasta kabla ya kazi, na hurejeshwa kwenye toleo lilelile iliyotokana nalo, kwa hiyo na faili la usimikaji la toleo la zamani nalo lihifadhiwe. Usiku wa kazi uwe na saa ya kuamua: ikifika saa fulani na hatua fulani haijakamilika, tunarudi, na anayetoa amri hiyo awe mtu mmoja aliyetajwa jina mapema, asiyeshika kibodi. Aliyeshika kibodi daima huona bado dakika kumi.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote ni ya wakati uliopita, kwa kuwa leseni zimebadilisha hesabu. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware tarehe 22 Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu, kila kitu kikawa cha kulipia kwa kipindi. Taasisi nyingi zilishtuka, na malalamiko yao yana haki. Kutokana na hapo imezuka hoja kwamba bora kubaki na leseni ya kudumu ya zamani na kutogusa lolote, au kuhama. Kuhusu kubaki, hatari zake nimeshazieleza, na leseni ya kudumu inakupa haki ya kuiendesha programu, haikupi haki ya viraka vipya baada ya mkataba wa huduma kwisha. Kuhusu kuhama, sina ugomvi nako hata kidogo. KVM, nayo ni haipavaiza, imekuwa sehemu ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, na Proxmox ya Vienna, iliyojengwa juu yake, imepata njia ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi tangu 2024. Ila anayehama kwa kudhani amekimbia kazi ya kupandisha toleo amejidanganya. Proxmox 7 ilifika mwisho wa huduma Julai 2024, na aliyekuwa kwenye 6 hakuweza kuruka hadi 8 bila kupitia 7. Sheria ni ileile, nembo tu ndiyo tofauti. Tena waliohama kwa utulivu ni wale waliokuwa wanajua wana mashine ngapi, zipi zimekufa, zipi zinategemeana, na prosesa zao zina kori ngapi. Ujuzi huo haupatikani kwa kununua ripoti. Unapatikana kwa kulishughulikia jukwaa mara kwa mara.

Kuhusu wingu nitasema kidogo. Lina nafasi yake, na kwa shughuli nyingi ni chaguo zuri. Lakini vituo vikubwa vya Amazon na Microsoft barani Afrika viko Cape Town na Johannesburg, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini kwenye kipande cha kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania, Kenya na jirani zao ziliona intaneti ikidorora kwa siku kadhaa. Hospitali au mamlaka ya maji yenye mifumo yake ndani ya jengo iliendelea kuhudumia watu waliokuwa dirishani. Kwa hiyo majukwaa ya ndani yatakuwepo kwetu kwa muda mrefu bado, na lazima wawepo watu wa kuyatunza.

Watu hao ndio wanaohitaji kutetewa mbele ya wenye bajeti. Kupandisha toleo kukiwa sehemu ya kazi ya kila robo mwaka, yenye fungu lake na saa zake zinazolipwa, fundi hufanya hatua ndogo akiwa amelala vizuri. Kukiwa tukio la kishujaa linaloombewa kibali kila baada ya miaka mingi, taasisi inajenga utaratibu wa kumtegemea mtu mmoja aliyechoka. vSphere 7 ilimaliza muda wake wa huduma tarehe 2 Oktoba 2025, na vSphere 8 imepangiwa tarehe 11 Oktoba 2027. Ndugu msomaji mwenye funguo za chumba cha seva, andika leo namba ya toleo ulilonalo, tarehe yake ya mwisho, na jina la mtu atakayesimamia hatua inayofuata, kisha uifikishe karatasi hiyo kwa anayeidhinisha fedha kabla bajeti ya mwaka ujao haijafungwa.